Programu ya Zamani Huhifadhiwa kwa Kuwashwa

Ukifungua leo, kwenye kompyuta ya kawaida, barua iliyochapwa miaka ya 1980 kwa WordStar, programu ya kuchapia maandishi, Kiswahili chake kitakutokea kimeharibika kwa namna ya pekee. Mombasa husomeka Mombasá. Habari huwa habaré, watu huwa watõ, moyo huwa moyï, pole huwa polå. Si kirusi wala kutu. WordStar ilikuwa na desturi ya kutia alama kwenye herufi ya mwisho ya neno, kwa kutumia biti ya nane, yaani ile 0 au 1 ya mwisho kati ya nane zinazounda baiti, ambayo herufi za kawaida hazikuihitaji, ili ipate kupanga nafasi kati ya maneno na kunyoosha ukingo wa kulia wa ukurasa. Programu za leo hazina habari na mpango huo. Zinaiona biti ya nane na kuihesabu kuwa sehemu ya herufi yenyewe. Na kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu, ukurasa mzima hukosa irabu zake za mwisho, na jicho la msomaji hukwama kila neno.

Barua hiyo inaonyesha jambo ambalo wapenzi wengi wa historia hawajalizingatia. Disketi ilisalimika. Faili nalo lilisalimika, kila baiti mahali pake. Kilichokosekana ni programu iliyokuwa ikijua kulisoma. Iwashe WordStar yenyewe, ulifungue faili lilelile, na barua itasomeka kama siku ilipochapwa. Ndiyo maana nasema programu ya zamani haihifadhiwi kwa kufungiwa kabatini, wala kwa kupigwa picha. Huhifadhiwa kwa kuendeshwa. Na Mombasa ina sababu zake yenyewe, na uwezo wake yenyewe, wa kuingia katika kazi hii badala ya kuwaachia watu wa Marekani na Ulaya peke yao.

WordStar ni mfano mwepesi, kwa sababu mtu anaweza kuzirudisha zile irabu tano kwa mkono. Hasara nzito zaidi ziko kwenye programu za kuunganisha maandishi, yaani zile zilizotengeneza kile ambacho Ted Nelson alikipa jina la haipateksti miaka ya 1960: maandishi yenye viungo, ambapo neno ulilolichagua hapa linakupeleka kwenye maandishi mengine kule. Wengi wetu tulikutana na jambo hilo kupitia intaneti, tukadhani limezaliwa nayo. Lina umri mkubwa kuliko hivyo. Mwezi Julai 1945 mhandisi wa Marekani Vannevar Bush alichapisha makala akieleza mashine aliyoiita Memex, ambayo msomaji angeitumia kuunganisha nyaraka na kuacha njia ambayo mwenzake angeweza kuifuata. Mashine hiyo haikujengwa. Nelson alianza mradi wake wa Xanadu mwaka 1960. Mwaka 1967 Andries van Dam na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Brown, Nelson akiwa pamoja nao, walitengeneza mfumo wa kwanza kwenye kompyuta ya IBM, kisha ukafuata mwingine ulioitwa FRESS. Tarehe 9 Desemba 1968 Douglas Engelbart alisimama San Francisco mbele ya hadhira ya wataalamu, akaonyesha kwa dakika 90 kipanya, viungo, na watu wawili waliokuwa mbali wakifanya kazi kwenye waraka mmoja.

Nimeipitia orodha hiyo haraka kwa sababu vitabu vimeshaisimulia. Ninachotaka kukikalia ni Intermedia.

Intermedia ilitengenezwa Brown kuanzia mwaka 1985. Upekee wake ulikuwa mahali pa kuweka viungo. Kwenye wavuti tunayoitumia leo, kiungo kimeshonwa ndani ya ukurasa, na mwenye ukurasa ndiye pekee anayeweza kukitia au kukiondoa. Intermedia iliviweka viungo nje ya maandishi, katika hazina yake ya pembeni. Kwa hiyo walimu wawili wangeweza kulichukua shairi lile lile, kila mmoja akaliwekea viungo vyake, na shairi lisiguswe hata herufi. Tena kila kiungo kilikuwa na njia mbili: ukiwa kwenye shairi unayaona maelezo yaliyoandikwa kulihusu, na ukiwa kwenye maelezo unarudi kwenye shairi.

Fikiria chombo hicho mikononi mwa watu wa pwani. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika uhasama uliozaa vita vya Kuduhu, washairi wa Mombasa na wa Lamu walirushiana mashairi ya kuchokozana na kujibizana. Shairi la upande mmoja halieleweki sawasawa bila jibu la upande wa pili, na jibu hilo halieleweki bila kujua ni ubeti gani unaojibiwa. Tungo za Muyaka bin Haji nazo zimetufikia kwa sababu, miongo kadhaa baada ya kufa kwake mwaka 1840, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizikusanya na kuzifafanua pamoja na mmishonari William Taylor. Fafanuzi zile zilikuwa za watu waliokuwa bado wanakumbuka nani alitajwa, na kwa nini. Kuyaweka mashairi kama haya kwenye wavuti ya leo ni kuyaweka yakiwa yamekatana. Chombo chenye viungo vya njia mbili, vinavyokaa nje ya matini, kiliwahi kuwapo, kikafanya kazi, na wanafunzi wakakisomea.

Kiko wapi? Intermedia ilitegemea mfumo endeshi wa Apple ulioitwa A/UX. Kufikia mwaka 1991 fedha za mradi zilikuwa zimekwisha, A/UX nayo ikabadilika, na hapakuwa na mtu wa kulipwa kuirekebisha Intermedia iendane na toleo jipya. Ikazimika. Baadhi ya kazi za wanafunzi zilihamishiwa kwenye programu nyingine, Storyspace, lakini kuhamisha maandishi si kuhamisha namna yalivyofanya kazi. Hapakutokea moto wala mafuriko. Programu nzuri ilikosa tu mtu wa kuendelea kuiwasha.

ENQUIRE nayo ilipotea. Hii ni programu aliyoiandika Tim Berners-Lee mwaka 1980 alipofanya kazi ya muda CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, miaka kumi kabla ya wavuti. Viungo vyake vilikuwa na njia mbili, na kila kiungo kilieleza aina ya uhusiano: hiki ni sehemu ya kile, hiki kimetengenezwa na yule. Alipoondoka aliiacha kwenye disketi, na disketi ikapotea. Mtu aliyeitengenezea dunia wavuti hana programu iliyoitangulia wavuti hiyo, na sisi hatuwezi kuiendesha ili tuone aliacha nini njiani alipofika kwenye toleo lililoshinda.

Angalau kivinjari chake cha kwanza kimepata bahati. Mwaka 2019 kikundi kilichokutana CERN kilikijenga upya kivinjari kilichoitwa WorldWideWeb, cha mwaka 1990, kikaweza kutumika ndani ya vivinjari vya leo. Kabla ya hapo picha zake zilikuwa zimejaa vitabuni, na picha hazikusema jambo kubwa kuliko yote. Ukikiendesha ndipo unapogundua kwamba kilikuwa pia chombo cha kuandikia. Unaweka alama mahali, unakwenda kwenye waraka mwingine, unachagua maneno, unaamuru yaunganishwe na mahali pale palipowekwa alama. Ni hatua chache za kibodi. Msomaji na mwandishi walikuwa wanakaa kwenye dirisha moja. Vivinjari vilivyoenea baada ya mwaka 1993 viliutupa uwezo huo, na kizazi kizima kikakua kikiamini kwamba wavuti ni mahali pa kutazama vya wenzako. Hili ndilo jibu langu kwa wanaosema picha na video zinatosha. Picha ya skrini hukuonyesha sura ya programu. Tabia yake huijui mpaka uitie mkono.

Kuna kisa cha Uingereza ambacho kila mhifadhi wa nyaraka anakijua, nami nakirudia kwa sababu kinagusa shule na watoto. Mwaka 1986 BBC ilitaka kuadhimisha miaka 900 ya daftari la Domesday, ambamo mfalme William aliorodhesha mali za nchi mwaka 1086. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanafunzi, waliandika habari za mitaa yao, wakapiga picha, wakachora ramani. Yote yakatiwa kwenye diski kubwa za leza, zilizosomwa na mashine maalumu iliyounganishwa na kompyuta ya BBC Master. Haikupita miaka 20, mashine zikawa nadra na diski zikawa karibu hazisomeki popote, huku daftari la ngozi la mwaka 1086 likiendelea kusomwa kwa macho. Watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan, katika mradi ulioitwa CAMiLEON, walionyesha mwaka 2002 kwamba inawezekana kuokoa. Waliiandika programu inayoiga mashine ile ya zamani, wakaiendesha kazi ya watoto wale ndani yake.

Hiyo ndiyo njia kuu ya kazi hii, nayo inafaa kuelezwa vizuri. Programu ya kuigiza, au emuleta, hufanya kompyuta mpya ijifanye ya zamani. Programu ya kale inapotoa amri iliyokusudiwa kichakataji kisichotengenezwa tena, emuleta huipokea, huitafsiri, na kurudisha jibu lile lile ambalo kichakataji hicho kingelirudisha. Programu ya kale haijui kwamba imehama nyumba. Na kwa kuwa mashine za zamani zilikuwa ndogo, kazi hii haihitaji kompyuta ya bei. Macintosh ya kwanza, ya mwaka 1984, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Simu anayoibeba mwanafunzi kwenye feri ya Likoni inaipita mara elfu nyingi.

Tangu mwaka 2013 Internet Archive ya San Francisco imekuwa ikiendesha programu za kale ndani ya kivinjari, na mwaka 2017 ilifungua mkusanyo wa kazi zilizotengenezwa kwa HyperCard. HyperCard ilikuwa ya Bill Atkinson, ikatolewa na Apple Agosti 1987 bila malipo ya ziada kwa kila aliyenunua Macintosh mpya. Ilikuwa kadi juu ya kadi, kila kadi na vitufe vyake, na lugha ya kuamrishia iliyokaribia maneno ya kawaida. Walimu walitengenezea masomo. Ward Cunningham alijaribia humo wazo ambalo mwaka 1995 lilikuja kuwa wiki ya kwanza, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri, na kutoka kwenye wiki hiyo ndiko ilikotoka njia iliyotupa Wikipedia ya Kiswahili. Atkinson alifariki mwaka 2025. Leo kijana yeyote mwenye bando anaweza kuifungua kazi ya HyperCard ya mwaka 1989 na kubofya kadi zake moja moja.

Nao watu walio karibu na chimbuko la mifumo hii wanaendelea kuirudisha. NoteCards, mfumo wa haipateksti uliotengenezwa miaka ya 1980 katika Xerox PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox, unaendeshwa tena kwenye kompyuta za leo kwa sababu watu wa kujitolea, wakiwemo waliokuwa wahandisi wa enzi hiyo, wameufufua Interlisp, mfumo wa kuandikia programu uliokuwa chini yake. Hawa wanakumbuka kwa nini kitu fulani kiliandikwa hivi na si vile. Emuleta hurudisha mashine, lakini sababu za maamuzi hubaki vichwani mwa watu, na watu hao wamezeeka.

Sasa nirudi pwani.

Maandishi ya Mombasa yana tabaka tatu. La kwanza ni la karatasi: miswada ya hati za Kiarabu, barua, magazeti, nyaraka za mashine ya taipu. Hizi zina watu wake, na zina maktaba zake. La tatu ni la baada ya mwaka 2009, zilipofika Mombasa nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM, na polepole kila tunachoandika kikaanza kukaa kwenye seva za makampuni makubwa. Hilo lina matatizo yake, lakini nakala zipo. Tabaka la kati ndilo linalonitia wasiwasi. Tangu kompyuta zilipoingia maofisini mpaka nyaya zilipofika, watu walichapa, wakachapisha nakala moja, wakahifadhi asili kwenye disketi. Ofisi za kuchapia, mawakala wa kutoa mizigo bandarini, madrasa zilizotunga mitihani, vikundi vya taarabu vilivyochapisha maneno ya nyimbo, walimu waliotayarisha tasnifu, mashirika ya mitaa. Karatasi nyingi zimetupwa. Seva haikuwapo. Kilichobaki ni utando mwembamba wa sumaku ndani ya mraba wa plastiki, na mraba huo uko kwenye droo katika mji wa joto, unyevu na hewa ya chumvi.

Ichukue disketi moja ya inchi tatu na nusu iliyokaa humo. Sukuma kwa ukucha kile kifuniko cha bati. Kama bati limeshika kutu, halitateleza, litakwaruza. Ndani utaona duara la rangi ya hudhurungi. Lizungushe taratibu kwa kitovu chake cha chuma na ulitazame chini ya taa kwa kuliinamisha. Ukungu huonekana kama madoa meupe, au ukungu wa vumbi uliojikusanya kwenye mistari ya duara. Hapo ndipo watu wengi wanapoua disketi zao kwa haraka ya kutaka kujua kilichomo. Wanaitia kwenye kisomeo cha bei nafuu, kichwa cha kusomea kinaukomba ukungu, ukungu unakwaruza utando, na katika mzunguko wa sekunde chache maandishi ya miaka yanakuwa mikwaruzo. Kisomeo chenyewe huchafuka na kuiharibu disketi inayofuata. Fundi mwenye kuijua kazi huifungua ganda, huitoa duara, huifuta kwa pamba na spiriti safi, huiacha ikauke, huihamishia kwenye ganda jipya, kisha huisoma mara moja tu, na usomaji wa kwanza ndio unaohifadhiwa.

Namna ya kuisoma nayo ina siri zake. Disketi za Macintosh za kilobaiti 800 zilizungushwa kwa mwendo unaobadilika kadiri kichwa kinavyosogea kutoka ukingoni kwenda katikati, na kisomeo cha kawaida cha kompyuta za aina nyingine huzunguka kwa mwendo mmoja. Hakiwezi kuzisoma, kitakuambia disketi haina kitu na kukuomba ruhusa ya kuifuta. Usikubali. Vipo vifaa vidogo, kama Greaseweazle ambacho michoro yake iko wazi kwa wote, visivyojali faili wala mpangilio. Vinarekodi mabadiliko ya sumaku yenyewe jinsi yalivyo, na kazi ya kuyaelewa hufanywa baadaye kwa programu. Hivyo hata disketi ambayo leo hakuna anayeijua ilitoka kwenye mashine gani inaweza kunakiliwa, ikasubiri wa kuielewa.

Huku hayo yakiwezekana, mashine zenyewe zinauzwa kwa kilo. Mkusanya vyuma chakavu hana kosa: anapima shaba, anapima bati, anatafuta riziki. Anayepima kilo hana njia ya kujua kwamba ndani ya kasha hilo kuna diski kuu yenye mashairi ya mtu. Hiyo ni kazi ya wenye mashine, na wenye mashine wengi ni ofisi zinazofuata utaratibu wa kuondoa mali kuukuu bila mtu hata mmoja kuulizwa kilichomo ndani.

Nimesikia hoja kwamba kazi hii si ya mji wenye mahitaji kama yetu. Naiheshimu hoja hiyo, lakini hesabu zake si sahihi. Disketi moja hubeba megabaiti 1.44. Disketi elfu moja ni kama gigabaiti moja na nusu, na flashi ndogo kuliko zote dukani inazimeza. Vifaa vya kusomea ni vya bei ambayo idara moja ya chuo inaweza kuimudu. Gharama ya kweli ni mikono na saa za watu, na mafundi tunao. Mji huu una watu wanaorudisha uhai bodi za simu zilizozama baharini. Wanachokosa ni kuambiwa kwamba ustadi wao ni ustadi wa kuhifadhi historia, na kulipwa kwa jina hilo.

Utaalamu wa kuhifadhi nao si mgeni kwetu. Mwaka 1697, Fort Jesus ilipokuwa imezingirwa na Waomani, meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama chini ya ngome. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wanaakiolojia walizamia wakaleta juu vitu vyake, na kazi ya kuvitibu ikafanyika pale pale ngomeni. Kitu kilicholala baharini miaka karibu 300 hakianikwi juani kama nguo. Mbao ikikaushwa ghafla hupasuka, chuma kikiachwa na chumvi yake huliwa mpaka kiishe. Kila kitu kilihitaji maji yake, muda wake, na mtu wa kukifuatilia. Taasisi iliyowahi kubeba kazi hiyo haiwezi kushindwa na kasha la disketi. Mkabidhi mhifadhi wa Fort Jesus na mhandisi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa chumba kimoja chenye kiyoyozi, na kazi inaanza.

Msinielewe kwamba nataka makumbusho makubwa ya kompyuta. Hatari ya njia hiyo tumeiona Seattle. Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, alijenga makumbusho ambamo mashine za kale zilikuwa zikiwaka na wageni wakizitumia, jambo ambalo ni nadra sana. Allen alifariki mwaka 2018. Makumbusho yakafungwa mwaka 2020 wakati wa korona, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba hayatafunguliwa tena, sehemu ya mkusanyo ikapigwa mnada. Mashine iliyokaa mahali pamoja, chini ya fedha za mtu mmoja, husalimika kwa umri wa mtu huyo. Nakala zilizotawanyika hudumu zaidi. Mwaka 2024 huo huo, mwandishi Robert J. Sawyer wa Kanada alikusanya toleo la saba la WordStar pamoja na vitabu vyake vya maelekezo, akaliweka wazi ili kila anayetaka alichukue. Sasa limo kwenye kompyuta za watu wengi kiasi kwamba hakuna mnada unaoweza kuliondoa duniani.

Hapo inaingia hakimiliki. Programu nyingi za zamani ni mayatima: kampuni ilikufa, ikanunuliwa, mnunuzi naye akanunuliwa, na leo hakuna anayeuza wala anayeweza kutoa ruhusa. Marekani ilitoa mwaka 2018 ruhusa maalumu kwa maktaba na makumbusho kuvunja kufuli za programu zisizouzwa tena, kwa ajili ya kuhifadhi. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na marekebisho yake, na ningependa suala la programu yatima lisemwe humo kwa maneno yasiyohitaji wakili kuyafasiri, ili mkutubi wa Mombasa anayenakili disketi afanye kazi yake bila hofu. Sambamba na hilo kuna faragha. Disketi ya ofisi ina mishahara ya watu, disketi ya zahanati ina magonjwa yao, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haikuandikwa kwa ajili ya simu peke yake. Utaratibu ninaouamini ni kunakili kwanza, kufunga, kumtafuta mwenyewe au jamaa zake, na kufungua kwa ridhaa yao. Disketi inayooza haingoji tumalize mjadala, lakini nakala inaweza kungoja.

Kiswahili chenyewe kina urithi wa programu, na hatuutunzi. Mradi wa Kamusi, kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni, ulianza Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, intaneti ikiwa changa mno, na watu wa nchi nyingi wakachangia maneno kwa barua pepe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo menyu zake zote zilikuwa za Kiswahili. Waliotafsiri walilazimika kuamua, neno kwa neno, amri za kompyuta ziitweje. Baadhi ya maamuzi yao yameshika, mengine yameachwa. Mwanafunzi wa isimu anayetaka kuyachunguza hatosheki na orodha ya istilahi. Anahitaji kuiona menyu ikishuka, neno lenye herufi kumi na mbili likibanwa mahali pa neno la Kiingereza lenye herufi nne, na ajue ni kwa nini lilifupishwa. Ni wangapi kati yetu wana CD ya toleo hilo, na kompyuta au emuleta ya kuiendeshea? Vyuo vya pwani vinavyofundisha Kiswahili vinapaswa kuwa nayo kwenye maabara zao, ikiwaka, kama ambavyo vina kamusi kwenye rafu.

Kazi ya kwanza inaweza kuanza kabla ya chumba na kabla ya sheria. Mwenye disketi asiitie kwenye mashine yoyote kwanza. Aiweke ndani ya mfuko wa karatasi, mbali na spika na mbali na dirisha, kisha aandike juu ya mfuko vitu vitatu: iliandikwa na nani, kwa kompyuta gani, na kwa programu ipi. Kama hajui, amtafute aliyekuwa akichapa. Wengi wao ni kina mama waliokaa kwenye ofisi za kuchapia za Mombasa miaka mingi, wakajua vitufe vya WordStar na WordPerfect kwa vidole bila kutazama, na sijasikia mtafiti aliyewahi kwenda kuwaketia na kinasasauti. Wao ndio wanaojua kwamba bosi alitaka herufi nzito ziwekwe namna gani, jina la faili lisizidi herufi nane lilifupishwaje, na disketi ipi ilikuwa ya nakala na ipi ya asili. Ningeanza na hao, mwaka huu, nikiwa na daftari na orodha ya maswali, huku mafundi wakisubiri vifaa vyao vifike.